Kuku wa Pointi za Mwenendo

Mimi nina hasira za karibu. Hata leo, mimi mama wa watoto, mutu akinisukuma sokoni mkono unanyanyuka kabla kichwa hakijafikiri. Nikiwa na miaka kumi na tano, kule Kabambare, mkono huo ulikuwa umeshika mchi. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Jirani yetu, mama mmoja mjane, akapita akasema marehemu mama yangu angeona haya kuzaa mutoto kama mimi. Nilimpiga mara moja tu, mkononi. Ilitosha kunifikisha mbele ya juji, hakimu wa watoto.

Juji hakunifunga. Aliandika karatasi: niende Kasongo kwa shangazi, nisome katika shule ya watoto waliopitia tribinali, madarasa mawili kwa mwaka mmoja, nipate cheti cha msingi. Nikishindwa nirudi mbele yake, na safari hiyo hatanituma kwa shangazi.

Tulisoma mchana, darasa la kuazima. Watoto wadogo wakitoka, sisi wenye magoti makubwa tunaingia kujikunja kwenye madawati yao. Mwalimu wetu alikuwa mzee mwembamba, koti lilelile jua na mvua. Sehemu za hesabu alitufundisha kwa kukatakata muhogo wa kuchemsha, halafu tunakula jibu. Nilimpenda sana mzee yule, na sikumwambia hata siku moja.

Hesabu nilipita, Kifaransa nilipita kwa kutambaa. Taabu ilikuwa mwenendo. Kwake mwenendo ulikuwa somo kama mengine, pointi ishirini, na asiyefika kumi haandikishwi kwenye mtihani wa serikali. Kila nilipogombana alifungua kaye yake, daftari la pointi, akapunguza, bila hata kuniangalia. Pasaka ilipokaribia nilikuwa na saba.

Nikamlilia shangazi. Akanishangaa.

"Sasa unalia nini? Mutu akikosea anapeleka kuku. Umemukosea mwalimu, mupelekee kuku, maneno yaishe."

Kwetu iko hivyo kweli. Akakamata jike jekundu, akalifunga miguu.

Nilimkuta mwalimu anaanza diktee, imla ya Kifaransa. Nikapiga goti mbele ya wote, nikamnyooshea kuku kwa mikono miwili.

"Hii ni nini?"

"Ni kuku wa pointi, mwalimu."

Ee, walivyocheka! Yeye hakucheka.

"Nikimupokea, nimeuza pointi. Nikimukataa, nimekataa kusamehe. Unaona ulivyonifunga, mutoto wangu?"

Akamweka chini ya meza, na diktee nzima kuku akawa anajibu kila sentensi.

Wenzangu walipotoka akanibakiza. "Kuku wa musamaha iko na njia yake. Mimi umenipigia kelele tu. Ni nani uliyemuumiza?"

Nilijua ni nani. Nikasema sijui. Akangoja. Mzee yule alijua kungoja mpaka unamchukia.

"Yule mama wa Kabambare," nikasema.

Akanipa kazi: barua ya kuomba musamaha, ukurasa mmoja. Likizo ya Pasaka niipeleke pamoja na kuku, yule mama aweke kidole chini yake. "Ukirudi na kidole, tutaongea pointi."

Niliandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa matusi yenye salamu juu. Ya nne aliisahihisha kwa wino mwekundu, ikabidi niinakili tena, na nilimkasirikia njia nzima ya Kabambare, mimi na kuku juu ya pikipiki, tope mpaka magotini.

Yule mama alikuwa mlangoni anamenya karanga. Nikapiga goti, nikampa barua.

"Sijui kusoma," akasema. "Soma weye."

Hilo sikuwa nimelifikiri. Kuandika ni kitu kimoja. Kulisema kwa mdomo wako, mbele ya macho yake, ni kitu kingine kabisa. Nilipofika mahali pa mchi nikaacha kusoma, nikalia.

"Maliza," akasema.

Nikamaliza. Akasema, "Na mimi nilimutaja marehemu vibaya." Akampokea kuku kwa mkono wa kushoto.

Wa kushoto! Kwetu hupokei kitu cha mutu hivyo. Hasira ikanipanda palepale, nikafungua mdomo nimjibu. Ndipo nikaona wa kulia, umelala mapajani kati ya maganda, vidole havijifungi.

Nikafunga mdomo. Akachovya gumba katika masizi ya sufuria, akaliweka chini ya jina langu.

Niliporudi Kasongo, mwalimu aliiangalia barua ile muda mrefu.

"Kuku alimupokea?"

"Alimupokea. Kwa mkono wa kushoto."

Akakunja uso. "Basi bado amekasirika."

"Hapana, mwalimu. Wa kulia haushiki tena kitu. Ni mimi."

Akafungua kaye, akaandika. Mwaka mzima nilikuwa nikinyoosha shingo kuchungulia pointi zangu, lakini siku hiyo niliangalia chini. Nilipoandikishwa kwenye mtihani ndipo nilijua zimefika kumi.

Cheti iko katika sanduku langu, na juji hakuniona tena. Nikienda Kabambare ninaingia kwa yule mama kumtwangia sombe, maana mchi yeye hawezi kuushika. Anakaa pembeni ananiambia ninatwanga vibaya, majani bado makubwa, nilifundishwa na nani. Mimi, mutu wa hasira, ninatwanga tu.