Bandeji ya Bwana Mapema

Msikitini walimwita Bwana Mapema, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufika akakuta mlango umefungwa. Yeye ndiye aliyeadhini, akajaza tangi, akafagia na kusugua mfereji wa kutawadhia. Hakuwa msemaji. Watu walisema maneno yake yote huyamalizia kwenye kipaza sauti.

Siku aliyoumia alikuwa katika mfereji huohuo. Kigae kilichobanduka kilimchoma chini ya kidole gumba cha mguu. Damu haikuwa nyingi, akajifunga kitambaa na kuendelea. Mkewe alipoona alimkumbusha kwamba mwenye sukari hachezi na mguu, akamkokota hadi zahanati. Huko walimsafisha, wakamfunga bandeji, wakampa vidonge na onyo moja: pasiingie maji.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Udhu bila kuosha miguu aliona si udhu. Angewaitaje watu kwenye swala na mwenyewe hajatoharika? Angemuuliza imamu, lakini imamu alikuwa kijana aliyesoma mbali, na Bwana Mapema aliona haya kumpelekea habari za kidole gumba. Basi kila adhana ilipokaribia alifungua bandeji, akaosha mguu mpaka kwenye vifundo, akarudisha bandeji ileile. Nyumbani alisema kidonda kinaendelea vizuri.

Na kweli, maumivu yaliisha. Alibonyeza, hakusikia kitu, akamshukuru Mungu.

Fundi cherehani wa mkabala na msikiti alimtania kwamba siku hizi anatembea kwa maringo kama bwana harusi. Akacheka naye. Lakini kati ya ndara zote zilizopangwa mlangoni, nzi walichagua moja tu, na ilikuwa yake ya kushoto.

Chumbani mkewe alianza kusikia harufu. Alisogeza kitanda, akainua godoro, akitafuta panya aliyekufa. Panya hakuwepo. Akasimama kidogo, kisha akamgeukia mumewe na kumwambia anyooshe mguu.

"Mbona bandeji imelowa, baba watoto?"

"Natawadha. Ningefanyaje?"

Hakubishana naye. Alijitanda mtandio akatoka, akarudi na imamu. Kijana yule aliketi sakafuni, akaupakata mguu bila kukunja uso.

"Mzee wangu, mwenye bandeji hupitisha mkono wenye maji juu yake, basi. Ruhusa hiyo ipo tangu zamani."

"Hata mwadhini?"

"Hata mimi ninayekuswalisha. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona ni jambo dogo, shehe."

Imamu aliinamia mguu. Alikuwa anautazama wekundu uliopanda kutoka kidoleni, ukapita kifundo, ukashika njia ya kwenda juu.

Hospitali walimlaza palepale. Muuguzi alichukua kalamu, akachora mstari kwenye mguu pale wekundu ulipoishia. Alimweleza kwamba kidole hakina matumaini tena, na kwamba wekundu ukivuka mstari ule aseme mara moja, kwa sababu hapo daktari atakuja kuzungumzia mguu wenyewe. Alikuwa akisema taratibu, kama anayemweleza mtoto, na hilo lilimtisha kuliko maneno.

Alasiri adhana iliingia kupitia dirishani. Ilikuwa sauti ya fundi cherehani, nyembamba, imechelewa kidogo. Bwana Mapema alitawadha kwa maji ya bakuli. Ilipofika zamu ya mguu, mkewe alilowesha kiganja na kukipitisha juu ya bandeji. Mumewe aliuona mkono ukipita, hakuusikia.

Kisha akainua shuka autazame mstari. Wino ulikuwa mahali pake. Wekundu ulikuwa umeupita, kama upana wa ukucha.

Mkewe alikuwa amegeuka kumwaga maji. Mkono wake Bwana Mapema ulikwisha kuirudisha shuka, kwa mazoea. Akaufunua mguu tena.

"Muuguzi," akaita.

Aliita kwa sauti ile ya kwenye kipaza sauti, na wodi nzima ikanyamaza.