Kilo Kumi na Sita

Saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, siku tisa kabla ya ndege yangu, mama mwenye nyumba wangu alituma ujumbe kwenye grupu la simu la watu wa Afrika Mashariki waishio Stockholm: "Fundi wetu amemaliza masomo. Anarudi Mwanza Jumapili ya wiki ijayo. Mwenye kamzigo kadogo aseme." Nina hakika na dakika hiyo kwa sababu ujumbe bado ninao. Nilikuwa chumbani kwangu, ukuta mmoja tu kati yetu, na hakuwa ameniuliza. Simu yangu ilitetemeka juu ya meza mpaka ikaanguka.

Lazima nieleze nilikuwa nabeba nini, maana bila hilo yaliyofuata yataonekana kama uchoyo.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani: za dukani, za samaki, za pamba, na zile za kliniki wanazopimia watoto wachanga. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuzifungua zilizokufa, na kwa kusoma vijitabu vya maelekezo ambavyo wenye mizani huvitupa pamoja na boksi. Kwa miaka ishirini na sita nilitengeneza mizani ambayo sikuruhusiwa kuithibitisha, kwa sababu sikuwa na mawe ya mizani yenye cheti. Nikimaliza kazi, nilimpelekea mwenzangu mmoja mjini mwenye mawe na kibali. Aliweka jiwe, akatazama, akagonga mhuri, akachukua nusu ya malipo. Shughuli yake ilichukua dakika nne.

Nilikuja Sweden nikiwa na miaka hamsini, kwa kozi ya miezi kumi ya sayansi ya vipimo. Darasani aliyenifuata kwa umri alikuwa na miaka ishirini na sita na alidhani mimi ni mlinzi. Cheti cha kozi nilikipata. Lakini kitu nilichokuwa nimekifuata hasa kilikuwa sanduku la mbao lililofunikwa kitambaa cha kijani ndani: seti kamili ya mawe, kuanzia gramu moja hadi kilo tano, ya kiwanda cha maziwa kilichofungwa, niliyoinunua kwenye mnada wa mtandaoni. Tunayaita mawe ingawa ni ya chuma kisichoshika kutu. Niliilipia kwa kufagia ngazi za shule Jumamosi zote za majira ya baridi. Cheti cha seti hiyo kinaorodhesha kila jiwe na namba yake. Likikosekana moja, cheti hakina kazi, na mkaguzi wa vipimo nyumbani hatoi kibali. Ningerudi tena kumpelekea yule bwana nusu yake.

Sanduku lilikuwa na kilo kumi na tatu na gramu mia sita. Mawe hayashikwi kwa mkono mtupu, kwa sababu mafuta ya vidole yana uzito. Mama mwenye nyumba, Mganda anayetunza wazee kwa zamu mbili na aliyekaa Husby, mtaa wetu wa Stockholm, miaka ishirini na miwili, alinikuta nikiyafuta kwa glavu nyeupe akamwita binti yake aje kuona.

"Njoo uone. Wewe nilikuzaa, na hakuna mtu alikushika namna hii."

Binti, aliyezaliwa huku na anayemjibu mama yake kwa Kiswidi hata akisalimiwa kwa Kiganda, alisema kwamba ilikuwa ni jambo la kusikitisha. Sikujua alimsikitikia nani.

Sasa, kosa langu. Ndege iliniruhusu mabegi mawili ya kilo ishirini na tatu. Sanduku la mawe, nguo na vitabu vyangu vilifika kilo thelathini kamili. Zilibaki kumi na sita. Mtu mwenye busara ya kawaida angenyamaza, angejibu kila ombi kwa "nitajaribu," angezima simu siku mbili za mwisho na kuomba radhi akiwa Mwanza. Ndivyo watu wetu wanavyosafiri tangu ndege zianze kuruka. Mimi niliandika tangazo.

Nilifuata mfano wa chumba cha kufulia cha jengo letu, ambako kila mpangaji huandika jina lake kwenye saa yake na hakuna anayegombana na mtu, angalau si kwa sauti. Nilichora jedwali la nafasi kumi na sita, kila nafasi kilo moja na saa yake ya kuletwa. Masharti yalikuwa manne: kilo moja kwa mtu; mzigo ufunguliwe mbele yangu; upimwe kwa mizani yangu; uletwe kabla ya Alhamisi saa mbili usiku. Nililituma kwenye grupu na kubandika nakala mlangoni pa friji.

Mama mwenye nyumba aliisoma akiwa bado na koti la kazini.

"Fundi, wewe sasa umekuwa Mswidi kabisa. Miezi kumi! Mimi miaka ishirini na miwili sijafika huko."

"Ni utaratibu tu, Mama. Ili kila mtu apate."

"Eh. Watapata."

Alinijua kuliko nilivyojijua, na aliwajua wao zaidi. Kabla ya tangazo, hakuna aliyejua nina nafasi kiasi gani, na kwa hiyo kila mtu angeona haya kidogo. Baada ya tangazo walikuwa na takwimu. Kilo kumi na sita hazikuwa tena fadhila yangu. Zilikuwa mali ya umma ambayo mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimepewa kuitunza. Mtu mmoja niliyekuwa sijawahi kumwona aliandika kuuliza ni nani aliyeniteua kugawa.

Hakuna aliyejiandikisha kwenye jedwali isipokuwa yule binti, aliyeleta gramu mia nne za picha kwa ajili ya bibi yake, kwenye saa aliyojiandikia, zikiwa zimefunguliwa tayari. Mama yake alimtazama kama mtu anayesikia matokeo ya hospitali.

Wengine walikuja walivyotaka. Wa kwanza alikuwa Mkongo wa Farsta, mtu wa suti, anayefanya usafi wa ofisi na hajawahi kuonekana bila tai. Alileta jozi mbili za viatu vya ndugu yake, namba arobaini na tano, na mfuko wa chaja za simu.

"Vinaenda wapi?"

"Uvira."

"Mimi nakwenda Mwanza."

"Mais papa, lakini Mwanza na Uvira ni pale tu. Unavuka, unafika."

Nilimwonyesha ramani. Aliitazama kwa huruma, kama kitu kilichochorwa na watu wasiokuwa na ndugu. Kisha nilining'iniza viatu kwenye mizani. Vilikuwa kilo mbili na gramu mia tisa.

"Papa, kiatu ni hewa na ngozi. Uzito unatoka wapi? Hiyo mizani yako haipendi Wakongo."

Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini. Viatu vilibaki kwangu. Chaja pia.

Siku iliyofuata alikuja Mkenya wa Upplands Väsby, dereva wa basi, mwanamke mwenye sauti ya kutangaza vituo. Huyu alifuata sharti kwa uangalifu mkubwa: mzigo wake ulikuwa kilo moja kasoro gramu tatu. Nilimsifu. Ndipo akatoa mfuko wa pili.

"Na hii, ankali, si mzigo. Hii ni zawadi yako. Umesoma, umemaliza, lazima tukupongeze."

Ilikuwa sufuria nzito ya chuma, na mfuniko wake.

"Asante sana. Sikutegemea."

"Ni yako kabisa. Lakini ukifika, mamangu atatuma mtu kutoka Kisumu aichukue."

Mama mwenye nyumba mwenyewe alingoja mpaka Alhamisi saa moja na dakika hamsini, ili nisiweze kusema amechelewa. Alileta mafuta ya kupaka, vidonge vya vitamini, na pakiti sita za kahawa ya kusaga.

"Kahawa hii ni ya nani?"

"Ya dada yangu. Aliolewa Bukoba."

Nilirudia jina la mji, taratibu. Bukoba watu hutafuna kahawa tangu kabla Wazungu hawajajua kwamba inanyweka. Niligeuza pakiti. Haikusema ilikolimwa, ilisema tu ilikokaangwa.

"Mama, hii kahawa pengine ilitoka huko huko."

"Basi irudi kwao. Hata mimi nitarudi siku moja, na mimi hapana kuuliza nani ananipima."

Nikaipima.

Ijumaa usiku nilijumlisha. Watu wanane wengine walikuwa wamepita, kila mmoja na kilo yake iliyozidi kidogo. Jumla ya mizigo ya wenzangu ilikuwa kilo ishirini na nusu. Nilikuwa nimezidisha kilo nne na nusu, nikiwa na cheti cha sayansi ya vipimo.

Nilianza kutoa vitu. Hapa ndipo nilipogundua kwamba kila kitu cha wengine kilikuwa na mtu nyuma yake anayejua namba yangu ya simu, na vitu vyangu vilikuwa na mimi tu. Kwa hiyo nilijitoa mimi. Vitabu vyote vya kozi viliachwa kwenye rafu ya kubadilishana vitabu karibu na chumba cha kufulia. Ilibaki ziada ya kilo moja na gramu mia moja. Nilitoa kipande cha sabuni. Ilibaki kilo moja kamili.

Begi la mgongoni, la kuingia nalo ndani ya ndege, lilikuwa limefika kikomo kwa kompyuta na makaratasi. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni akila mkate.

"Hiyo jiwe lako moja si ni kilo? Weka kwa mfuko wa koti. Nani atapima koti?"

Ningeweza kutoa jozi moja ya viatu vya Uvira. Ningeweza kutoa pakiti mbili za kahawa. Niliwaza hilo kwa dakika kama kumi, kisha nikavaa glavu, nikatoa jiwe la kilo moja kwenye kitambaa cha kijani, nikalivika soksi ya sufu, nikalitia mfukoni. Mabegi yalisoma ishirini na tatu na ishirini na tatu. Sijawahi kupima kitu vizuri kuliko hivyo.

Jumapili, pale uwanja wa ndege, mabegi yalipita bila neno. Kwenye ukaguzi nilivua koti na kuliweka kwenye trei. Trei iliingia kwenye mashine, ikasimama, ikarudi nyuma, ikaingia tena. Afisa kijana mpole aliniomba nisogee pembeni. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa soksi, na kutoka ndani ya soksi akatoa jiwe. Nilifurahi kuona amevaa glavu.

"Hii ni nini?"

"Kilo moja."

"Kilo moja ya nini?"

"Si ya kitu. Ni kilo yenyewe."

Alimwita mwenzake. Mwenzake aliliinua, akashangaa linavyolemea, akaliweka chini kwa heshima.

"Anasema ni kilo moja," wa kwanza alimwambia.

"Ya nini?"

"Ya kilo."

Niliwaonyesha cheti. Walikisoma chote, jambo ambalo hakuna ndugu yangu aliyewahi kulifanya. Kisha yule kijana akaeleza, bila ukali, kwamba halikuwa kosa kuwa nalo, lakini chuma kizito cha ukubwa wa ngumi hakiruhusiwi kuingia na abiria ndani ya ndege. Naweza kurudi nje nikalikabidhi kama mzigo, au nikaliacha pale. Alionyesha ndoo. Ndani yake mlikuwa na mikasi miwili na chupa ya jamu.

Nilitazama saa. Dakika hamsini na tano kabla ya mlango kufungwa. Kwa hesabu, jiwe jipya la kilo moja lingenigharimu pungufu ya begi la ziada, na nilijua hivyo nikiwa nimesimama. Lakini jiwe jipya lingekuwa na namba nyingine. Nilimwona yule bwana wa Mwanza akigonga mhuri. Nilichukua koti nikarudi nje nikikimbia, jambo nisilolifanya, kompyuta na makaratasi kwapani, na jiwe peke yake ndani ya begi la mgongoni lililokuwa limebaki tupu.

Dada wa kaunta aliliweka begi kwenye mizani. Lilisoma kilo moja na gramu mia saba, pamoja na begi.

"Bei ni moja," alisema. "Unaruhusiwa mpaka kilo ishirini na tatu."

"Nina hii tu."

"Kwa hiyo una nafasi ya zaidi ya kilo ishirini na moja."

Alisema kama anayenipa habari njema. Nililipa.

Nilifika Mwanza na mabegi yote matatu. Mkaguzi alihesabu mawe mara mbili, akalinganisha namba, akatoa kibali. Sasa mhuri ni wangu, na kazi kweli inachukua dakika nne. Viatu bado viko kabatini kwangu vikisubiri mtu wa kwenda Uvira. Shemeji wa mama mwenye nyumba, yule wa Bukoba, alionja kahawa yake, akaniuliza kwa upole kama kule Ulaya hawana chai.

Kwa kuwa napenda kumbukumbu zilizokamilika, niliandika kwenye grupu kwamba mizigo yote imefika, na kwamba nililazimika kulipia begi la tatu, lililobeba kilo moja na gramu mia saba tu kati ya ishirini na tatu. Nilitumiwa mikono mingi ya kuomba dua. Mkongo aliandika kwamba Mungu ataniona. Kisha, baada ya saa nzima, mama mwenye nyumba:

"Fundi, ulikuwa na begi la tatu? Kilo ishirini na moja, na wewe unanyamaza? Na mimi nilibakisha unga wa ngano na sabuni za kufulia hapa kwa meza, naogopa karatasi yako ya friji!"

Wengine walimuunga mkono. Mpaka leo, Husby, Farsta na Upplands Väsby, mimi ndiye yule aliyeondoka na nafasi tupu.

Gharama ya begi la tatu, isiyorudishwa: kronor elfu moja na hamsini.