Karanga za Mama Eliya na Ukurasa wa Mvua

Naona aibu kuliandika hili na nimeliahirisha sana, lakini kwa kuwa hapa Ulemo kila mtu analisimulia kwa namna yake, na wengine wamenizidishia (kuna wanaosema nilimvua mzee kofia, sikumvua, ilidondoka yenyewe), basi bora na mimi niseme la kwangu, na nitajitahidi kuwatendea haki wote, hata waliocheka.

Kwanza mjue kwamba napenda kusoma ila kitabu kizima sijawahi kuwa nacho. Shule niliishia la saba, duka la vitabu hapa kwetu hakuna, kwa hiyo kitabu changu kinachofuata huwa anakichagua muuza karanga. Sitanii. Pale mnadani wauza karanga ni wawili, na wote hufunga karanga kwenye karatasi wanazochana vitabuni wakaziviringisha kama pembe. Yule wa upande wa ng'ombe anafungia mitihani ya sekondari (nimesoma sana habari za tumbo la sungura kwake, na sisemi hazina faida). Mama Eliya, ambaye ni jirani na rafiki yangu, siku hizo alikuwa amepata mahali kitabu cha hadithi, kinene, kisicho na jalada, kinachomhusu tajiri mmoja mwenye malori aliyeangukia mezani baada ya kunywa chai yenye sumu, na kila mtu wa nyumba ile alikuwa na sababu ya kumwekea. Nikahamia kwa Mama Eliya moja kwa moja.

Ningeweza kumwambia tu, mwenzangu, niuzie hicho kitabu chote. Nikaona ataniona najifanya msomi. Uamuzi wenyewe ulikuwa ndio huo, mdogo kabisa, nikaamua bora niendelee kununua karanga, na nikanunua mpaka wanangu wakaanza kuzitoa mfukoni shuleni na kuwapa wenzao. Shida ni kwamba Mama Eliya hachani kwa mpangilio, anachana popote kitabu kinapofunguka, kwa hiyo kwangu mimi yule tajiri alizikwa kwanza, kisha akaoa, kisha akazaliwa.

Halafu nina tabia moja ambayo mwanzoni sikuiona kama kosa. Ukurasa ukianza na mvua, au mbalamwezi, au upepo wa jioni, mimi siusomi. Huku kwetu mvua tunaitafuta angani mpaka shingo zinauma, sasa nikae chini niisome ya watu wengine ya nini. Kurasa za namna hiyo nawashia moto. Hata asubuhi ya siku ya mkasa kuni zilikataa kushika, nikachukua karatasi ya karanga nilizonunua jana yake kibarazani kwa Mama Eliya, nikaona imeanza na "Mvua ilikuwa ikinyesha", nikaisukuma chini ya kuni, chai ikachemka, nikaenda mnadani na moyo mweupe.

Mama Eliya siku hiyo alikuwa amekaanga karanga zote zilizobaki ndani, hakubakiza hata za kutia kwenye mboga. Alitaka zikiisha anunue mbegu za alizeti kabla mvua hazijaanza, maana mwaka uliopita alichelewa na shamba likalala. Nilimkuta na beseni mbili zimejaa, anauza kwa furaha. Nikanunua, nikajitenga pembeni, nikamimina karanga kwenye kanga na kusoma. Na safari hii nikabahatika. Mke wa tajiri alikuwa amewaita wote sebuleni, akasimama, akagonga meza, akasema, "Namjua aliyeweka sumu." Ukurasa ukaisha. Chini yake, sitini na mbili.

Nikainua macho kumtazama Mama Eliya anachana nini, na ndipo nikaona anamkabidhi karanga Mzee Kitundu, mzee anayeheshimika sana, anayetoka upande wa Sekenke kuja kuuza ng'ombe. Na kwenye karatasi yake, kichwa chini miguu juu, sitini na tatu.

Mtu mwenye akili angengoja mzee amalize kula, amsalimie, aiombe. Mimi nilingoja, kwa haki yangu niseme hivyo, nilingoja kidogo, lakini yule mzee anatafuna huku anatembea, na alipofika kwenye zizi la mbuzi nikamwona anamimina zilizobaki kiganjani na kuanza kuikunja karatasi. Nikakimbia, karanga zangu zikimwagika njia nzima.

"Mzee, usitupe, usitupe, sumu," nikasema, pumzi imeniishia. "Nataka kujua nani ameweka sumu."

Shikamoo sikuitoa. Nilimshika mkono mtu wa umri wa baba yangu bila shikamoo, na hilo peke yake lingetosha kunifunga mdomo mwaka mzima. Lakini lililotangulia kusikika ni lile neno jingine. Mzee alikuwa na karanga mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Sumu iko wapi?" akauliza polepole.

"Hapo," nikasema nikionyesha karatasi.

Mama mmoja muuza nyanya aliyekuwa jirani akatema. Kijana wa bodaboda naye akatema, akawapigia wenzake kelele, "Oya, acheni kula, karanga za huyu mama zina sumu." Nikaanza kueleza kwamba sumu ni ya kwenye chai, jambo lililozidisha balaa, kwa sababu sasa watu wakaanza kumtazama na muuza chai. Mzee Kitundu akakaa chini taratibu kama mtu anayejiandaa, kofia ikadondoka, akaomba maziwa. Wakamletea dumu dogo akalimaliza, akaomba jingine.

Nilipogeuka nikamwona Mama Eliya. Watu wamemzunguka, wanamrudishia karanga, wengine wanazimwaga miguuni pake, na mwenyekiti wa mnada amesimama mbele yake anasema, "Funika beseni zako, mama. Hizi tunaenda kuzifukia." Alikuwa ameziinamia beseni zile kama anayemkinga mtoto na jua. Nikajua mbegu zimekwenda. Na si mbegu tu. Mwanamke anayeuza chakula, wakisema mara moja kwamba chakula chake kina sumu, hata ahamie Itigi litamfuata.

Sasa nikapita katikati ya watu, nikazamisha mkono beseni ya kwanza nikala, ya pili nikala, mbele ya mwenyekiti, mdomo umejaa, nikasema, "Hakuna sumu humu. Sumu iko kwenye hadithi. Nilikuwa natafuta ukurasa."

"Ukurasa wa nini?" akauliza mwenyekiti.

"Wa kitabu."

"Umetuvunjia mnada kwa kitabu?"

"Ndiyo," nikasema, maana ndivyo ilivyokuwa.

Hakuniamini, na simlaumu, mimi mwenyewe nisingejiamini. Mzee Kitundu ndiye aliyeniokoa, kwa sababu karatasi bado alikuwa nayo mkononi. Akainyoosha gotini, akasema, "Isomeni. Au huyu mama asome mwenyewe tusikie kama hiyo sumu ipo."

Nikasoma mbele ya mnada wote, na ng'ombe wakilia nyuma. Nasoma kwa kukwamakwama, nikifika kwenye neno refu nalipanda kama mlima, na mara mbili nilirudia mstari uleule bila kujua (kijana wa bodaboda ndiye aliyenishtua, akasema, "Mama, huo tumeshaupita"). Lakini watu wakanyamaza. Mke wa tajiri akamtazama shemeji, akamtazama dereva, akamtazama mtunza stoo. Nikageuza upande wa pili. Akasema, "Nitamtaja sasa hivi, mbele yenu." Kisha akanyamaza, akatazama dirishani. Ukurasa ukaisha.

"Haya, endelea," akasema mwenyekiti.

"Umeisha."

"Endelea wa mbele."

"Sina."

Basi ndugu zangu, wale wale waliokuwa wanamwaga karanga wakaanza kuokota karatasi. Muuza nyanya alizinyoosha za kwake zote. Wengine walinunua karanga upya wapate karatasi, na mwenyekiti akafunua beseni kwa mkono wake mwenyewe. "Tafuteni sitini na tano," anasema, "sitini na tano." Mama Eliya anachana, anafunga, anauza, haniangalii. Hata kitabu chenyewe walikipekua, ukurasa haumo.

Nami nimesimama pale nafikiri, anatazama dirishani, anatazama nini dirishani. Na ndipo likanijia. Namba ile nilikuwa nimeiona asubuhi, karibu na kidole gumba, moto ulipoipanda.

Ningeweza kunyamaza. Nikasema.

"Nilikuwa nao. Ulianza na mvua. Nimeuchemshia chai."

Mzee Kitundu akafuta maziwa mdomoni, akasema, "Kwa hiyo wewe mama ndiye uliyemficha muuaji." Hapo ndipo wakacheka, na mpaka leo nikipita mnadani kuna atakayeniuliza kama mvua imenyesha.

Beseni ziliisha, na mbegu za alizeti zilinunuliwa, lakini nisijipendelee, wapo ambao hawajala tena karanga za Mama Eliya, na kosa ni langu. Yeye aliniuzia wiki nzima kwa kunimiminia kwenye kanga, bila karatasi. Nikaona hapana. Nikaenda kwake na madaftari ya zamani ya wanangu, nikampa shikamoo ingawa tunalingana, nikasema chukua haya ufungie, mimi naomba kitabu kizima.

Akanitazama sana. "Kumbe muda wote ulikuwa unataka kitabu? Mimi nilidhani unapenda karanga."

"Hata sizipendi," nikasema. "Zinanipa kiungulia."

Akaingia ndani akatoka na vitabu vitatu visivyo na majalada, akanipangia kibarazani, akasema chagua. Sijawahi kuchagua maishani, nikavigeuzageuza mpaka chai aliyonipa ikapoa. Mwisho nikafungua ukurasa wa kwanza wa kila kimoja, nikachukua kile kinachoanza na mvua.