Siku Kumi na Tisa Katika Kadi ya Kasyoka

Mwaka wa 1955 nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nimelazwa kwa kifua kikuu katika hospitali moja ya Nyeri. Kadi yangu ilitunzwa na Kasyoka, dresa Mkamba kutoka Machakos, mama mnene aliyeimba nyimbo za kanisa akifunga bandeji.

Daktari alitaka kujua ni lipi bora, vidonge au kisu. Nusu yetu tulipewa dawa, nusu wakatolewa mbavu ili pafu lipumzike, na baada ya mwaka angetulinganisha. Mimi niliangukia vidonge. Murugi wa kitanda cha pili aliangukia kisu.

"Nitazame," alinicheka, "kama kikapu kilichokaliwa na ng'ombe! Na wewe ati unalilia vidonge?"

Nililia kwa sababu ya Maitu, mama yangu. Nilipotoka kijijini Giakanja, tulikozungushiwa mtaro na waya na askari wa wakoloni, alinionya: "Kitu cha serikali usimeze. Hicho ni kiapo chao." Siku hizo za Mau Mau watu walilishwa kiapo kwa siri, na kumeza kitu kulikuwa jambo zito kwetu. Basi nilificha vidonge chini ya ulimi, halafu ndani ya godoro, na Kasyoka akitia alama kwamba nimemeza. Nami nikizidi kukohoa damu.

Asubuhi moja aligeuza godoro, vikamwagika sakafuni.

"Wachuka! Dawa hizi ni za siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Na mimi nimeandika umemeza zote!"

Murugi akamnong'oneza, "Tupa chooni, dada. Nani atajua? Utafutwa kazi bure."

Kasyoka aliketi kitandani kwangu. "Kadi ikidanganya, daktari atasema dawa haina nguvu. Kesho watoto wa watu watakatwa mbavu kwa sababu mimi niliogopa."

Akavikusanya kwenye aproni, akamngoja daktari mlangoni, wodi nzima ikitazama.

"Bwana, nimeandika uongo. Sikuangalia mdomo wake."

Daktari alimfokea mpaka tukajifunika blanketi. Alama kumi na tisa zikakatwa kwa wino mwekundu, na Kasyoka akapelekwa kufua mashuka.

Nilishinda nikimwaza. Kiapo nilikijua kuwa kitu cha kufichwa. Huyu alijisema mwenyewe mchana, mbele ya watu, akapoteza kazi yake nzuri. Mtu kama huyo angenilishaje kiapo?

Kesho yake alipopita na mashuka nikamwita. "Dada, simama hapa uone." Nikameza, nikafungua mdomo.

"Inua na ulimi," akasema. "Sasa nimejifunza!" Hata Murugi alicheka, akishika ubavu.

Mwaka mzima alikuja kila asubuhi kunichungulia mdomo, mikono ikinuka sabuni, ingawa kadi iliandikwa na mwingine. Picha ya mwisho ya kifua changu ilipotoka safi, daktari mwenyewe alimwita kutoka chumba cha kufulia aje aione. Kasyoka alifuta mikono kwanza, taratibu, kidole kwa kidole, ndipo akaishika.

Leo nina miaka hamsini na tano, na mbavu zangu zote, Bwana asifiwe.