Picha ya Somoe kwa Siku ya Mtoto

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya Juni pale Masasi, baridi imeshuka na upepo unasukuma vumbi mpaka ndani ya ofisi. Nilikuwa na umri kama wako. Shirika letu lilisaidia shule za msingi za Masasi na Newala, nami nilikuwa nimekabidhiwa ukurasa wake wa mtandaoni, kama ulivyokabidhiwa wewe wiki hii. Kazi niliipenda. Kila Ijumaa chemsha bongo, kila sikukuu salamu: Idi, Pasaka, Krismasi, Siku ya Mwalimu. Nilizipanga miezi mingi mapema, nikaziweka kwenye kompyuta, na siku ikifika salamu inajituma yenyewe hata kama mimi niko sokoni nachagua dagaa. Nilijiona fundi hasa.

Kwa Siku ya Mtoto wa Afrika nilikuwa nimeweka picha ya binti mmoja wa Kitangari, jina lake Somoe. Tulikwenda shuleni kwao na maswali yetu, tukauliza ni mto gani unaotutenganisha na Msumbiji. Mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha. "Ruvuma! Babu aliuvuka kwa miguu!" Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, jino la mbele halipo. Hapo ndipo nilipompiga picha. Chini yake nikaandika: "Heri ya Siku ya Mtoto! Je, wewe unaujua mto huu?"

Sasa asubuhi hiyo ya baridi, sikukuu ikiwa imekaribia, mwalimu mkuu wa shule ile akapiga simu kuulizia vitabu. Tulipomaliza habari za vitabu hakukata. Akavuta pumzi, akasema, "Yule binti wa Ruvuma tulimzika mwezi uliopita. Homa tu. Hata wiki haikuisha."

Mkuu wetu wa ofisi alikuwa Mama Ester, mwalimu mstaafu, mtu wa Lulindi. Nilipomweleza alifumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Nadhani alikuwa anaomba. Mimi nikaharakisha, nikasema, "Basi Mama, naitoa sasa hivi. Nitaweka mtoto mwingine."

Akafumbua macho. "Mtoto mwingine?"

Hakupaza sauti, mwanangu. Ningeona afadhali angepaza.

"Mwingine yupi, binti yangu? Mama yake akikuuliza mwanawe umempeleka wapi, utamjibuje? Usiitume, na usiifute. Kesho tunakwenda Kitangari."

Nikaleta sababu zangu: njia ndefu, kazi nyingi, na pengine tutamtonesha mfiwa kidonda. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumwamulia mtu msiba wake ukiwa umekaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Tulimkuta yule mama nyuma ya nyumba yake anapalilia mikorosho. Alipotuona aliweka jembe chini, akatutandikia mkeka, na kabla hajauliza tumefuata nini akatuletea maji ya kunywa. Wewe umekulia kwenye bomba, hujui maji ya Kitangari yanabebwa kutoka wapi mpaka yakufikie kwenye kikombe. Mimi nilijua, nikayanywa yote.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba."

Mama Ester akatoa pole. Nami nikatoa yangu. Njia nzima nilikuwa nimejiapiza nisilitaje jina la marehemu, nisije nikamliza mfiwa. Kwa hiyo nikawa naitikia mama, ndiyo mama, pole mama. Yule mwanamke akanitazama.

"Na wewe pia," akasema. "Siku hizi wote wananiita mama tu. Hata jirani zangu. Nilikuwa Mama Somoe, na mwingine sina. Sasa nimekuwa nani?"

Mama Ester alimsogelea, akamshika mkono wenye udongo. "Mama Somoe," akasema polepole, "tumekuja kwako kwa ajili ya Somoe."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kama mtu aliyekuwa akisubiri ruhusa.

Alipotulia nilimpa simu yenye picha ya Somoe. Alifuta vidole kwenye kanga kwanza, kisha akaipokea kwa mikono miwili. "Hatukuwahi kumpiga picha," akasema. Akagusa pale penye pengo. "Jino hili alilirusha juu ya paa. Hakuliona jipya likiota."

Nikamweleza kwamba picha ilikuwa itoke Siku ya Mtoto, watu wengi waione.

"Wengi kina nani?"

"Wa Dar, wa Dodoma, mpaka nje ya nchi."

"Wakishaiona?"

"Wataipenda. Wengine wataandika neno."

"Halafu?"

"Halafu watapita," akajibu mwenyewe. "Mimi sitapita. Nipeni mimi. Wao msiwape."

Tukaondoka naye mpaka Newala, tukaisafisha picha studio. Aliipokea, akaigeuza uso kifuani, akatuaga. Hakutaka tumsindikize.

Siku ya Mtoto ilipofika ukurasa wetu ulikaa kimya. Mchana wakubwa wetu wa Dar es Salaam wakapiga simu: mashirika yote yametoa salamu, ninyi vipi? Mama Ester akawaambia tuna msiba. Msiba wa nani? "Wa Mama Somoe," akajibu.

Miaka baadaye nilipita Kitangari. Picha ipo ukutani, jua limeila, kicheko chenyewe hukioni ila ukiwa unakijua. Nikamwambia Mama Somoe kwamba ninayo bado, nitamsafishia nyingine mpya. Akatikisa kichwa. "Iache. Tunazeeka wote." Mama Ester wakati huo alikuwa ameshalala kaburini kwao Lulindi, na mimi sikuwa na mtu wa kumpelekea maneno hayo.

Kwa hiyo panga, mwanangu. Sikukatazi kupanga, asiyepanga hupangiwa. Lakini kabla salamu haijatoka irudie kuisoma, uulize mwenye sura hii yuko wapi leo. Ukisikia ametangulia, usikimbilie kutuma wala kufuta. Nenda kwa wenyewe, na kama njia imekushinda, piga simu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, si wewe na kompyuta yako. Wakubwa wakiuliza mbona kimya, wajibu kwa adabu na usijute. Na mfiwa mwite kwa jina la mtoto wake, hata ulimi ukikuwia mzito, maana jina hilo ndilo alilobaki nalo.

Mungu akutie nguvu katika kazi hii. Akupe jicho la kumwona mtu kabla hujaiona sikukuu, akujalie watoto, na wao ndio wakuzike wewe, mwanangu, uzee ukishakutosha. Amina.