Saini ya Tabia Njema

Nilikuwa nimeshashika kalamu. Binti aliyekaa mbele yangu, ofisini kwangu Kilosa, alikuwa amemaliza mafunzo ya sheria na anaomba kuapishwa kuwa wakili. Maombi yale hayaendi bila mawakili kumthibitisha mwombaji kuwa ana tabia njema, naye alikuja kwangu kwa sababu ndiko alikofanyia mafunzo ya vitendo kila likizo tangu mwaka wa kwanza. Akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Mama, subiri kwanza. Mwaka wa pili nilikamatwa chuoni nimenakili insha ya mwenzangu. Nikarudia somo."

"Na unaniambia leo?" Nilifoka hadi karani akachungulia.

"Nilikuwa nakuogopa, mama."

Nikamuuliza kilichomtuma. Likizo ile ya kwanza, akasema, alituona tukifungua hati ya madai ya zamani kwenye kompyuta, tukibadilisha majina, shamba la Kisanga likawa la Dumila, tukaipeleka mahakamani, na hakuna aliyetuita wezi. Akarudi chuoni akafanya vivyo hivyo. Kwa sauti ya chini safari hii, nikamweleza kwamba hati yetu haimpimi mtu akili, ila insha ilikuwa inampima yeye.

"Basi kula kiapo cha maandishi, ueleze yote, tuambatanishe na maombi. Njia ya mwongo ni fupi."

Nikamsogezea kiapo cha zamani afuate mtindo. Akakirudisha taratibu.

"Hiki nitaandika mwenyewe, mama."

Nilicheka, hasira zote zikaniisha. Aliandika bila kujitetea, nami nikasaini ile karatasi ya tabia njema.

Hofu ikaanzia hapo. Baba yake, mkulima wa miwa Ruhembe, alinipigia simu akiwa amevimba: "Wakili, mbona umemchimbia mwanangu kaburi?" Siku ya usaili wake mbele ya baraza linalopitisha mawakili wapya, nilikuwa Mikumi kwa mteja, na wali niliouagiza ulipoa mbele yangu nikiitazama simu. Mimi ndiye niliyemsukuma, na wakimkataa lawama ni yangu.

Jioni ikaita.

"Mama, wamenipitisha!"

Nilisema alhamdulillah kwa nguvu hadi mwenye mgahawa akageuka. Nikataka kujua walimhoji nini.

"Swali moja tu, mama. Kama ningenyamaza, wao wangejuaje? Nikawaambia, wasingejua. Wakatazamana, wakafunga jalada."