Maporomoko Matatu na Goti la Mama Chebet

Mama Chebet ndiye aliyetutoa Doha. Alikuwa amebakiza wiki tatu arudi Kericho moja kwa moja, baada ya miaka kumi na sita ya uuguzi, na aliapa haondoki Ghuba bila kuyaona maporomoko ya maji ya Salalah, kule Oman, ambayo wagonjwa walimsimulia kila kiangazi. Yote matatu, kwa miguu yake. Shida ilikuwa goti la kulia. Lilikuwa limechakaa, na daktari alishamwambia kwamba likifanyiwa upasuaji, milima asahau. Nafasi ilikuwa hii moja.

Alhamisi alasiri tuliondoka mtaani kwetu, Fereej Bin Mahmoud, kwa teksi kwenda uwanja wa ndege. Barabara zilikuwa zimechimbwa huku na huku kwa ajili ya treni, na joto la Agosti limekaza. Begi langu lilijaa bandeji na dawa za maumivu.

"Wewe Nekesa, unahamisha wodi?" aliniuliza.

Nilicheka, lakini kusema kweli nilikuwa na mpango wangu.

Salalah ilitupokea kwa manyunyu. Mama Chebet alisimama chini ya ngazi ya ndege, uso juu, abiria wakimpita. Mwenyeji wetu, Bwana Salim, Mwomani mzaliwa wa Pemba, alitukaribisha kwa Kiswahili kitamu mpaka tukakionea haya chetu. Mama Chebet alipokwenda msalani, nikamvuta mzee kando.

"Kesho tukifika poromoko la kwanza, tafadhali mwambie huko juu maji yamekauka. Goti lake halitaweza."

"Haya, mwanangu, tutaona."

Ijumaa, saa moja asubuhi, tuliingia hifadhi ya maporomoko. Ukungu, nyasi mbichi, ng'ombe na ngamia wakila pamoja kama jamaa wa boma moja. Poromoko la kwanza lilikuwa dakika kumi tu kutoka barabarani, maji yakimwagika juu ya mwamba mweupe. Tulipiga picha, tukanywa chai ya chupa. Nikamkonyeza Bwana Salim.

"Bibi," akamwambia Mama Chebet, "mwenzio kaniomba nikwambie huko juu hakuna maji. Mie siwezi kusema uongo, tena siku ya Ijumaa. Maji yapo tele. Njia ndiyo ngumu."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Chebet hakupandisha sauti. "Nekesa, ni mimi nilikufunza kazi ulipofika Doha. Nilikuambia nini kuhusu mgonjwa?"

"Asidanganywe."

"Na mimi hata si mgonjwa wako. Sasa sema ukweli."

Nikasema: goti litavimba, huenda akashindwa kushuka, na kule juu gari halifiki.

"Asante. Twende."

Njia ya poromoko la pili ilikuwa matope matupu. Alipanda hatua chache, akapumzika, akapanda tena. Nilijizuia kumshika mpaka aniite, na hilo kwangu lilikuwa gumu kuliko mlima wenyewe. Aliniita mara mbili tu. Baada ya poromoko hilo kulikuwa na mwinuko wa mawe. Mama wa watu akakaa kitako, akajisukuma juu kinyumenyume, jiwe baada ya jiwe, akiguna na kucheka. Bwana Salim aligeukia upande mwingine kwa heshima.

Saa tatu hivi tulifika poromoko la tatu. Lilikuwa dogo kuliko yote, uzi wa maji ukidondokea kidimbwi. Mama Chebet alikunja suruali, akatia mguu mbovu majini.

"Nimefika," alisema, akaanza kulia. Nami nikalia, kwa furaha na kwa aibu pia.

Kushuka kulikula muda zaidi. Goti lilivimba kama nilivyosema. Hakulalamika, nami sikumkumbusha. Bwana Salim alitushusha hotelini, akakimbilia swala ya Ijumaa.

Jumamosi jioni tulirudi Doha, na Jumapili nikaingia zamu. Mzee mmoja aliyevunjika nyonga aliniuliza, kama alivyoniuliza kila zamu, kama atatembea tena. Siku zote nilimjibu "inshallah" nikapita. Siku ile nilivuta kiti nikakaa. Nikamwambia kwa mkongojo huenda akaweza, bila mkongojo sidhani, na kwamba itauma sana.

Akaomba nimletee viatu vyake.